Sura ya Sita: Umati wa Roma, Umati wa Malindi

Maria Ricci habishani na umasikini kwa maneno. Anavuta shuka kitandani moja baada ya nyingine, anatoa na zile za harusi ambazo hazijawahi kulaliwa, anazifunga furushi na kutoka na mumewe kwenda kuziweka rehani. Dirishani karani anazipekua na kutaja bei; Maria anaomba iongezwe kidogo. Kisha kamera inamfuata mfanyakazi aliyelipokea furushi lile. Anaparamia rafu kama mkwezi juu ya mnazi, na huko juu, karibu na dari, pamejaa mafurushi ya shuka za watu wengine. Jiji zima limekwisha kuvua vitanda vyake.

Msomaji wa Unguja haelezwi uzito wa shuka za harusi. Anajua nani alizikunja, zilifukizwa udi gani, ziliwekwa sandukuni kwa siku ipi. Ni sitara ya nyumba. Mwanamke anayezibeba mchana kweupe kwenda kuzigeuza pesa mbele ya karani asiyemjua ametoa nje kitu ambacho hata jirani hakupaswa kukiona.

Filamu hiyo ni Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli. Iliongozwa na Vittorio De Sica, Cesare Zavattini akiwa na mkono mkubwa katika uandishi wake, na ilitoka Italia Novemba 1948. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu nyuma. Antonio Ricci, mume wa Maria, anakaa Val Melaina, mtaa wa majengo mapya pembezoni mwa Roma ambako wanawake bado wanateka maji nje na kuyabeba kwa ndoo. Hana kazi kwa muda mrefu. Siku jina lake linapoitwa, kazi ni ya kubandika mabango mjini, na sharti ni awe na baiskeli. Yake iko rehani. Ndipo shuka zinapotoka. Baiskeli inakombolewa, Antonio anavaa kofia ya kazi, na siku ya kwanza kabisa, akiwa juu ya ngazi anabandika picha ya mwigizaji Rita Hayworth, kijana mmoja anaidandia baiskeli na kutokomea nayo. Sehemu kubwa ya filamu iliyobaki ni Jumapili moja ya kutafuta, baba mbele, mtoto wake Bruno nyuma akikimbia kidogo ili amfikie.

De Sica hamwekei mtu yeyote hotuba mdomoni. Anamtembeza Antonio mlango hadi mlango, na kila mlango unasema hali ya nchi. Polisi wanaandika shauri lake, kisha wanamwambia aitafute mwenyewe; askari wanahitajika kwenye mkutano wa hadhara. Katika ukumbi wa chini ya jengo, msemaji wa wafanyakazi anazungumzia uhaba wa ajira na hataki kukatizwa, huku upande wa pili wengine wakifanya mazoezi ya maigizo. Anayeinuka kumsaidia ni rafiki yake Baiocco, mzoa taka. Kanisani mabwana na mabibi waliovaa vizuri wanawanyoa masikini ndevu na kuwapa supu, lakini kwanza sala. Mwisho Antonio anakwenda kwa mtazamia, mama yule yule ambaye juzi tu Antonio alimgombeza Maria kwa kumwendea, na analipa ili aambiwe kwamba ataipata leo au hataipata kamwe. Unguja pia tunawajua waliofika kwenye mlango wa namna hiyo baada ya mingine yote kufungwa, na hatuna haki ya kuwacheka.

Lakini kila nikiitazama filamu hii, macho yangu huwa kwa umati kuliko kwa mwizi. Umati upo tangu mwanzo: kundi la wanaume wasio na kazi wamemzunguka karani, na Antonio anaposita kidogo juu ya suala la baiskeli, wenzake wanapaza sauti kwamba wao wanazo, wapewe wao. Umati upo tena mtaani kwa mwizi, pale Antonio anapombana kijana yule. Majirani wanatoka, mama mtu anapiga kelele, kijana anaanguka kwa kifafa, na askari anayeitwa anapekua chumba cha ufukara mtupu na kumwambia Antonio kwamba bila shahidi hana kesi. Mtaa mzima umesimama na mtu wake. Na mwisho kabisa, nje ya uwanja wa mpira, mbele ya mamia ya baiskeli zilizopangwa safu kwa safu, Antonio anaishiwa nguvu ya kuwa mwema. Anamwambia mtoto apande tramu atangulie. Anaiba. Jiji lile lile ambalo halikumwona mwizi wa kwanza linamwona huyu papo hapo. Wanamkimbiza, wanamkamata, wanampiga makofi, kofia inaanguka. Bruno, ambaye tramu ilimwacha, anaokota kofia ya baba yake na kuipangusa vumbi huku akilia. Mwenye baiskeli anamtazama mtoto, kisha anasema mwacheni.

Baba na mtoto wanashikana mikono na kumezwa na watu wanaorudi makwao. Hapo ndipo ninapoiona siasa ya filamu hii kwa ukali wake wote: maelfu ya watu wana shida moja, na kila mmoja anamwona mwenzake kuwa ndiye kikwazo.

Miezi mitatu kabla filamu hiyo haijatoka, Unguja palitokea umati wa namna nyingine.

Mwaka 1947 ulikuwa umefunguka na mgomo mkuu wa Mombasa, mwezi Januari, uliompandisha Chege Kibachia kuwa sauti ya wafanyakazi wa pwani ile. Baadaye mwaka huo huo makuli wa Dar es Salaam wakagoma. Agosti 1948 zamu ikafika Malindi, bandari ya Unguja. Makuli wa African Wharfage Company, kampuni iliyoshika kazi ya kupakia na kupakua meli Unguja, waliacha kazi wakidai nyongeza ya ujira. Mwanzoni mwa Septemba mgomo ulikuwa umevuka geti la bandari na kuwa wa mji.

Sababu zake Antonio angezielewa bila mkalimani. Unguja ilikuwa kisiwa cha karafuu kinachokula mchele wa kuletwa, na sehemu kubwa ya mchele huo ilitoka Burma. Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942, sufuria za Ng'ambo, upande wa mji wenye nyumba za udongo na makuti, zilijua habari hizo kabla ya magazeti. Chakula kikawa cha mgao, nguo zikapanda bei, na vita vilipokwisha bei hazikushuka. Ujira ulibaki nyuma. Na kazi yenyewe ilikuwa ya kibarua: unafika alfajiri, unasimama na wenzako, anakuja mwenye kuita, wanaitwa baadhi, waliobaki wanarudi walikotoka. Umati ule ule wa Val Melaina, watu wengi na nafasi chache, kila mmoja akiomba kimoyomoyo mwenzake asitajwe.

Kilichotokea Agosti ile ni kwamba watu waliozoea kushindana kwa ajili ya jina moja waliamua kwa pamoja kutoitika. Naliona hilo ni jambo kubwa kuliko kiasi chochote cha pesa kilichodaiwa. Kutoitika siku moja, kwa mtu anayekula cha siku, maana yake ni kulala na njaa yeye na watoto wake, na ili kufanya hivyo lazima amwamini mtu wa pembeni yake ambaye jana tu alikuwa mpinzani wake. Antonio hakupata mtu wa kumwamini hivyo, isipokuwa mzoa taka mmoja.

Mwaka ule Adam Shafi alikuwa mtoto wa miaka minane hapa Unguja, rika moja na Enzo Staiola, mtoto wa Roma aliyeigiza Bruno. Miaka thelathini na moja baadaye, mwaka 1979, Tanzania Publishing House ilimchapishia Kuli. Riwaya hiyo ndiyo kitu kilicho karibu zaidi na Wezi wa Baiskeli ambacho Unguja imekitoa, na ilitoka kwa wino, bila kamera. Rashidi ni mtoto wa kuli, Majaliwa. Baba anakufa, mtoto anashika kazi ya baba. Tunamwona akishuka kwenye matumbo ya meli, tunaona mgongo unavyoinama chini ya gunia, tunaona nyumba inavyosubiri kurudi kwa mtu mmoja ili moto uwashwe. Bruno anarithi aibu ya baba yake; Rashidi anarithi mzigo. Ila Rashidi anakutana na watu waliotangulia kuelewa, wanamfundisha kwamba uchovu wake si bahati mbaya yake peke yake, na hadithi inafika kwenye mgomo.

Siwezi kuficha kwamba naipenda Kuli, wala siwezi kuacha kusema pale De Sica anapomzidi Adam Shafi. Katika riwaya, mabwana wa kampuni ni wabaya tangu wanapotokea, na wema wanajulikana kwa wema wao. Roma ya De Sica haigawiki kirahisi hivyo. Kijana aliyeiba baiskeli ni mgonjwa, analala chumba kimoja na ndugu zake, na sufuria ya mama yake haina kitu cha maana. Antonio mwenyewe, katika uchungu wa kutafuta, anampiga Bruno kofi asilostahili. Halafu anajuta, anampeleka mgahawani kula mozzarella kwa pesa ambazo hawana, na meza ya pili yuko mtoto wa matajiri akimtazama Bruno anavyohangaika na uma na kisu. Dakika zile chache zimebeba mafundisho ya kitabu kizima juu ya tabaka, na hakuna aliyeinua sauti.

Uhalisia mpya wa Waitaliano, mkondo wa filamu kama hii ya De Sica, haukuhitaji kusafiri moja kwa moja kutoka Roma ili utuguse. Ulikuwa na njia nyingine, iliyopitia Bombay. Januari 1952 tamasha la kwanza la kimataifa la filamu la India lilifunguliwa huko, na Wezi wa Baiskeli ilikuwa mojawapo ya filamu zilizowatikisa watengenezaji wa Kihindi. Mwaka uliofuata Bimal Roy alitoa Do Bigha Zamin, hadithi ya mkulima anayekwenda Calcutta na mwanawe kuvuta rikisho ili aokoe kishamba chake. Raj Kapoor akatoa fedha zake kwa Boot Polish mwaka 1954, kisha akaongoza na kuigiza Shree 420 mwaka 1955.

Na Unguja ilikuwa mji wa filamu za Kihindi. Royal ilifunguliwa Vuga mwaka 1921, baadaye ikaitwa Majestic, ikaungua, ikajengwa upya mwaka 1955. Palikuwa na Empire na Sultana. Wanawake walikuwa na maonyesho yao wenyewe, bila wanaume ukumbini, na tuni za filamu ziliingia katika taarab kwa maneno ya Kiswahili. Mwanahistoria Laura Fair, aliyetumia miaka mingi kuwasikiliza watazamaji wa zamani wa Unguja na bara, ameonyesha jinsi Awara ya Raj Kapoor ilivyowakaa watu moyoni kuliko karibu filamu yoyote. Awara ni ya mwaka 1951, kabla ya tamasha lile, na mwandishi wake Khwaja Ahmad Abbas alikuwa na chimbuko lake mwenyewe katika sanaa ya mrengo wa kushoto ya India. Swali lake, hata hivyo, ni lile la Roma: mwizi huzaliwa au hutengenezwa? Jaji anaamini kwamba mtoto wa mwizi ni mwizi tu, kumbe anayekulia mtaani na kuingia wizini ni damu yake mwenyewe. Mji uliokuwa na jiwe upande mmoja wa Darajani na udongo na makuti upande wa pili ulikuwa na sababu zake za kulielewa swali hilo.

Wakubwa wa Italia hawakuipenda kazi ya akina De Sica. Uchaguzi wa Aprili 1948 uliwapa Wakristo wa Demokrasia ushindi mkubwa dhidi ya muungano wa kushoto, na mwaka 1949 ilipitishwa sheria iliyoisaidia tasnia ya filamu kwa fedha huku ikiipa serikali mkono katika kupitia miswada. Katika serikali hiyo Giulio Andreotti ndiye aliyeshika jambo hilo. Mwaka 1952, baada ya De Sica kutoa Umberto D., habari za mzee wa pensheni anayeshindwa kulipa kodi ya chumba, Andreotti aliandika hadharani kumlaumu kwamba anaipa nchi yao sura mbaya duniani.

Lawama hiyo ina nguvu kwetu kuliko tunavyopenda kukiri, kwa sababu sisi pia tunafundishwa kusitiri. Aibu ya nyumba haitolewi barazani. Lakini tazama De Sica anavyomwonyesha Maria: hatuoni akilia, hatuoni mwili wake, tunaona mikono yake ikikunja shuka. Anayemvua nguo Maria ni yule aliyeufanya ujira usitoshe. Msanii anayeionyesha shuka akiwa ameshika heshima ya mwenye shuka hajavunja sitara ya mtu.

Ipo kamera nyingine ya Kiitaliano iliyofika Unguja, na hiyo ndiyo iliyovunja. Kabla ya kuifikia, lazima nirudi kwenye umati wetu, kwa maana sitaki msomaji adhani kwamba ule wa 1948 ulibaki vile. Zama za Siasa zilianza na uchaguzi wa Julai 1957. Vyama vya wafanyakazi navyo viligawanyika kufuata vyama vya siasa, na watu waliowahi kukataa kuitika pamoja wakaanza kuulizana kabila na asili. Juni 1961, siku ya uchaguzi na zilizofuata, watu 68 waliuawa. Umati uliomkimbiza Antonio nje ya uwanja wa mpira ulimwachia kwa sababu mtu mmoja alimtazama mtoto. Mashambani Unguja, siku zile, wengi hawakupata mtu wa kumtazama mtoto.

Kisha Januari 1964, mapinduzi. Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, Waitaliano waliokuwa wakizunguka Afrika kutengeneza Africa Addio, walipiga picha za Unguja kutoka angani, na filamu ikatoka mwaka 1966. Wanaonekana watu wakikimbia, wanaonekana waliokufa, vyote kwa umbali wa juu, na sauti ya msimulizi ikieleza Afrika ni nini. Hakuna jina la mtu hata mmoja. Picha zile leo zinapitishwa mkono kwa mkono katika mabishano yetu, na kila upande unazitumia kwa lake. Mimi naona jambo dogo zaidi: De Sica alishusha kamera mpaka kimo cha mtoto wa miaka minane, lakini ndugu zake wa nchi moja, miaka kumi na sita tu baadaye, waliipandisha mpaka watu wasiwe na nyuso. Kati ya urefu huo na ule ndipo ilipo tofauti ya kumwona mtu na kumtumia.

Mtengenezaji filamu Amil Shivji aliishusha kamera tena. Mwaka 2013 alitoa filamu fupi, Shoeshine, juu ya mtoto mng'arisha viatu wa Dar es Salaam. De Sica naye, mwaka 1946, alikuwa na Sciuscià, ya watoto wang'arisha viatu wa Roma. Mwaka 2021 Shivji akaleta Vuta N'kuvute kutoka riwaya nyingine ya Adam Shafi: Unguja ya miaka ya 1950, Yasmini anayekimbia ndoa ya mume mzee na kuvuka kwenda Ng'ambo kwa Mwajuma, na Denge anayepambana na ukoloni. Siti Amina, mwimbaji wa taarab tunayemjua jukwaani, ndiye Mwajuma. Filamu ilianza safari yake Toronto, na mwaka 2022 Tanzania iliiwasilisha kwa Oscar, mara ya kwanza tangu filamu ya Maangamizi, zaidi ya miaka ishirini nyuma.

Nafurahi kwamba ipo. Vichochoro vyetu vimepigwa picha na mtu asiyeuza vyumba vya hoteli, Kiswahili kinasemwa kwa lafudhi yake, na chumba cha Mwajuma kina joto la chumba cha watu. Ila ni filamu yenye mapenzi makubwa na mwanga, na mwanga ule unawapendelea wapenzi wawili kuliko kazi. Hatuoni vya kutosha watu wanakula nini na wanakipata vipi. Umati unapita nyuma ya Yasmini na Denge, haujawa mhusika.

Ndiyo maana naitaka Kuli kwenye kioo, na naitaka kwa njia ya De Sica. Alipotafutiwa fedha za Marekani, mtayarishaji David O. Selznick alimtaka Cary Grant awe Antonio. De Sica alikataa, akamchukua Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwanda cha Breda ambaye hakuwahi kuigiza, kwa sababu ya anavyotembea na anavyoishika mikono yake. Atakayeitengeneza Kuli aende Malindi asubuhi, wakati boti za Dar zinashusha abiria na hamali wanashindania mizigo. Asubiri. Rashidi yupo pale, na Majaliwa yupo, na ile hali ya kuitwa na kutoitwa ipo. Wanawake wa kuigiza mama na wake wa makuli watapatikana Kikwajuni na Mwembetanga, na watamrekebisha mwandishi maneno.

Na wakati wa kuandika mikataba, lazima watu wasome yaliyompata Maggiorani. Filamu ilizunguka dunia, mwaka 1950 ikapewa Oscar ya heshima, naye aliporudi kiwandani haikupita muda akawa miongoni mwa waliopunguzwa kazi. Alitafuta nafasi kwenye sinema, akapata vipande vidogo vidogo. Sokoni mwa kazi alikuwa Antonio Ricci kwelikweli, uso wake ukiwa kwenye mabango ambayo wengine walilipwa kuyabandika. Hamali wa Malindi atakayemwigiza Rashidi alipwe kama mwigizaji, awe na fungu katika mauzo, na namba yake bandarini ishikiliwe kwa maandishi mpaka siku atakayorudi.